Lita Kumi Kila Jumamosi

Nina daftari la kaunta lenye jalada jekundu. Kurasa za mbele ni za maziwa, mkate na madeni ya nyumbani. Kurasa za nyuma ni za bahari. Nimelifungua asubuhi hii kwa sababu mwezi huu watu watatu wameniuliza swali moja: tangi la maji ya chumvi lenye matumbawe ni pesa ngapi? Wote watatu walitaka bei ya kununua. Hakuna aliyeuliza bei ya kukaa nalo, na kwa miaka mitatu na nusu niliyolitunza langu, nimeona kwamba matangi mengi hufia hapo.

Kazi yangu ni kuweka hesabu za duka la vifaa vya ujenzi hapa Kisumu, upande wa Kondele. Lakini nilizaliwa Mombasa. Baba alikuwa mfanyakazi wa bandarini, tukakaa Likoni mpaka nilipofika darasa la saba, ndipo tukarudi nyumbani Seme. Siku za bamvua, maji yakipwa sana, Baba alikuwa ananishika mkono tunatembea ufuo wa Shelly hadi kwenye mwamba. Alinikanya nisikanyage matumbawe. "Hayo yako hai, mama," alisema, "yanakuona." Kwenye vidimbwi kulikuwa na konokono, nyota za bahari na samaki wadogo wa buluu waliokuwa wakijichomeka katikati ya mawe na kutokea upande wa pili. Kutoka pale hadi sebuleni kwangu ni zaidi ya kilomita 800 kwa barabara. Watu wakiniuliza kwa nini nafuga samaki wa chumvi mahali penye samaki wa ziwani tele, ngege, mbuta na omena, jibu langu ni hilo.

Basi tuingie kwenye hesabu.

Tangi langu lina sentimita 60 urefu, 45 upana na 40 kimo. Ukizidisha unapata lita 108. Ukitoa mawe, mchanga na ile nafasi ya juu isiyojazwa, maji yenyewe ni kama lita 90. Lilitengenezwa na fundi wa vioo wa Kibuye, meza yake ikatengenezwa na seremala, kwa sababu chuma kikirushiwa chumvi kila wiki hakidumu. Taa niliipata mkononi mwa mtu aliyekuwa anahamia Nairobi. Mawe, mchanga, pampu mbili, feni, hita, refraktomita ya kupima chumvi, samaki wawili wa kwanza na vipande vya matumbawe: kila kitu nilichonunua kwa miezi mitano ya mwanzo kilifika shilingi 47,600. Nilidhani nimemaliza.

Chumvi ndiyo iliyonifundisha.

Maji ya bahari yana gramu 35 hivi za chumvi kwa kila lita. Chumvi ya tangi inayouzwa kwenye ndoo huwa imevuta unyevu kidogo, kwa hiyo mimi hutumia gramu 37 kufikia kiwango hicho. Kila Jumamosi ninatoa lita 10 za maji ya zamani na kutia lita 10 mpya, yaani gramu 370. Ndoo ya kilo 20 hunifikia kwa shilingi 13,000 pamoja na nauli ya parseli kutoka Nairobi. Kilo moja ni 650, lita moja ya bahari ni kama shilingi 24, Jumamosi moja ni 240. Kwa mwezi, ukihesabu kwamba mwezi una wiki nne na kidogo, ni 1,040.

Bei hiyo ikitajwa, kila mtu ana njia ya mkato ya kunipa, na njia zote nilizifikiria kabla yao. Ya kwanza ni chumvi ya dukani. Katika chumvi ya bahari, sodiamu na kloridi ni kama asilimia 85 ya uzito. Asilimia 15 iliyobaki, yaani salfeti, magnesiamu, kalsiamu, potasiamu na vingine vidogo vidogo, ndiyo inayotenganisha bahari na maji ya kuchemshia viazi. Matumbawe hujenga mifupa yake kwa kalsiamu iliyomo majini. Ikikosekana hayana pa kuitoa.

"Lakini hata ya Gongoni inatoka baharini!" Hilo aliniambia mteja mmoja wa dukani aliyefanya kazi huko Kilifi, na ni kweli kabisa. Mashamba ya chumvi ya Gongoni, kaskazini ya Malindi, hukausha maji ya bahari kwa jua. Ila vitu vilivyomo kwenye maji hayo havigandi kwa pamoja. Chokaa na jasi hutangulia, na hapo kalsiamu nyingi imeshaondoka. Kisha chumvi yenyewe inaganda, na maji machungu yanayobaki juu yake, yenye magnesiamu, hayaendi nayo kwenye gunia. Kinachofika sokoni ni kizuri kwa ugali na samaki wa kukaanga, lakini huwezi kukirudisha kuwa bahari.

Njia ya pili ni kuagiza maji yenyewe kutoka Pwani kwa basi. Nilifanya hivyo mara moja. Jerikeni la lita 20 za maji ya bahari lina uzito wa kilo 20 na nusu, na ndani yake chumvi ni gramu 700 tu. Nilikuwa nalipia nauli ya kilo karibu 20 za maji matupu kuja katika mji uliojengwa kando ya ziwa kubwa kuliko yote Afrika. Niliiandika safari ile kwenye daftari, nikaifunga.

Jambo moja dogo kuhusu ndoo ya chumvi, maana hakuna aliyeniambia. Hewa ya Kisumu ina unyevu. Ndoo kubwa ni nafuu kwa kilo, lakini ukiiacha wazi chumvi huganda ikawa jabali, na ikishaganda haiyeyuki vizuri. Unapata maji meupe na unga chini ya ndoo. Mimi huigawa siku ileile inapofika. Naipima katika mifuko ya gramu 370, naifunga kwa kamba, naipanga ndani ya ndoo na kufunika. Kila mfuko ni Jumamosi moja. Nikifungua kifuniko naona kwa macho nimebakiwa na Jumamosi ngapi.

Sasa maji. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu wengi wanaoanza huku kwetu hukosea hapa, nami nilikosea.

Maji mengi ya mfereji hapa Kisumu hutoka ziwani. Ukisimama Dunga ukatazama gugu maji lilivyotanda kwenye Ghuba ya Winam, unaona kwa macho rutuba iliyo ndani ya maji hayo. Usafishaji wa maji ya kunywa unaua vijidudu na kuondoa tope, na hiyo ndiyo kazi yake; haukusudiwi kuondoa nitrati na fosfati zote. Binadamu hazimdhuru kwa kiwango kile. Kwa matumbawe, ni mbolea ya mwani. Maji ya mvua nayo, ambayo huku magharibi tunayo tele, yanapita juu ya mabati, na mabati yamepakwa zinki. Zinki na shaba ni sumu kwa konokono, kamba na matumbawe hata zikiwa kidogo sana.

Kwa hiyo mimi hununua maji kwenye duka la kujaza maji lenye mashine ya kuchuja kwa msukumo. Jerikeni la lita 20 ni shilingi 100. Kabla ya kuchagua duka nilizunguka matano na kile kipimo kidogo cha mkononi kinachosoma vitu vilivyoyeyuka. Maduka mawili yalikuwa yanarudisha madini ndani ya maji baada ya kuyachuja ili yawe na ladha, jambo la kawaida kwa maji ya kunywa. Niliomba kwa upole nichotewe kabla ya hatua hiyo. Duka moja lilikubali, na hadi leo ninachota hapo.

Kipimo kile kilinigharimu chini ya shilingi elfu moja, na sijui kifaa kingine kwenye tangi langu kilichonilinda zaidi kwa bei ndogo namna hiyo.

Lita 10 za Jumamosi zinafika lita 43 kwa mwezi. Lakini kuna maji mengine ambayo mtu hayaweki kwenye bajeti kwa sababu hayaonekani yakiondoka. Tangi langu hupoteza lita moja na nusu kila siku kwa kukauka, na mwezi wa Februari na Machi hupita lita mbili. Chumvi haikauki, inabaki. Lita 90 zenye gramu 35 zikipungua hadi lita 84, ambazo ni siku tatu tu za Februari, chumvi inapanda hadi gramu 37.5. Samaki atavumilia. Matumbawe yanajifunga. Kinachorudishwa ni maji matamu, si ya chumvi. Mwezi wangu wa kwanza nilikuwa narudisha ya chumvi, nikawa napandisha kiwango kila siku huku nikidhani natunza. Siku hizi nimebandika utepe mweusi kwenye kioo, na kila asubuhi kabla ya chai najaza hadi kwenye utepe. Ni lita 45 nyingine kwa mwezi. Jumla ya maji ni shilingi 450, na wakati wa joto 550.

Maji hayo yanakauka haraka kwa sababu ya feni. Matumbawe yanataka nyuzi 24 hadi 27. Mchana wa Kisumu hupita hapo kwa urahisi, na taa yenyewe inaongeza joto. Mashine ya kupooza maji ni ghali kuinunua na inakula stima. Feni ndogo inayopuliza juu ya maji hutumia wati 12, na kila lita inayokauka inaondoka na joto jingi sana. Hivyo nimechagua kulipia upoozaji wangu kwa jerikeni badala ya tokeni za stima. Aliyeko Nakuru, kule juu kwenye mita 1,850 na baridi yake ya usiku, hesabu yake inageuka: feni italala kabatini na hita ndiyo itakayokula uniti. Usinakili bajeti ya mtu wa mji mwingine.

Stima basi. Taa ya wati 50 kwa saa nane, pampu ya kichujio wati 10 usiku na mchana, pampu ya mawimbi wati 6 usiku na mchana, feni saa 12, hita kidogo usiku. Zidisha wati kwa saa, gawanya kwa 1,000: ni uniti moja na kitu kidogo kwa siku, kama 31 kwa mwezi. Kwangu uniti moja hunifikia karibu shilingi 28 pamoja na kodi, kwa hiyo ni 870. Lakini kuna mtego hapo. Tangu mpangilio wa bei wa mwaka 2023, nyumba inayotumia hadi uniti 30 kwa mwezi hulipa bei ya chini. Tangi langu peke yake, bila hata balbu moja ya jikoni, linavuka mstari huo. Kama wewe ni mtu wa nyumba ndogo yenye taa tatu na redio, siku utakayowasha tangi hutaongeza uniti 31 tu. Na zile za zamani zitapanda bei. Jirani yangu mmoja alikuwa tayari kununua vioo. Tulikaa na risiti zake za tokeni za miezi mitatu, akaamua kusubiri mpaka ahamie kwake. Nilifurahi kwamba alijua mapema.

Vingine nitavipita haraka. Dawa za kupimia amonia, ile sumu ya uchafu wa samaki, nitrati, fosfati na alkali, yaani uwezo wa maji kuzima asidi, zinanigharimu 6,000 kwa mwaka, kwa hiyo 500 kwa mwezi; zina tarehe ya kuisha, na iliyoisha inakudanganya kwa rangi nzuri. Chakula ni 200, kamba wa kugandishwa waliokatwakatwa, kidogo sana kila siku, kwani kinachobaki chini kinageuka fosfati. Pamba ya kichujio na mkaa maalumu ni 250. Mkaa wa jiko haufai. Magadi ya kulainishia mboga hayafai pia, ingawa soda ya kuokea, ile safi ya paketi, hutumiwa kweli na wafugaji wa matumbawe kupandisha alkali ya maji ikishuka.

Na akiba, 700. Nitaeleza.

Ukijumlisha: 1,040, 450, 870, 500, 200, 250 na 700. Ni shilingi 4,010 kwa mwezi. Zidisha kwa 12. Nilipoipata jumla hiyo mara ya kwanza niliirudia kwa kikokotoo cha kazini: 48,120. Kila mwaka ninalinunua tangi langu upya, na kidogo juu yake. Mtu mwenye 50,000 mkononi hana pesa za tangi bado. Mwenye 30,000 mkononi na 4,000 za uhakika kila mwisho wa mwezi, huyo aanze, tena pole pole.

Sasa Januari.

Tangi lilikuwa na miezi minane. Karo ilikuja ya watoto wawili kwa pamoja, na sare, na mwenye nyumba akaongeza kodi. Nikatazama daftari kutafuta cha kukata. Samaki walikuwa wazima, matumbawe yamefunguka, na ile Xenia yangu, tumbawe laini lenye vidole vinavyofumba na kufumbuka mchana kutwa, ilikuwa imezaa vichipukizi vinne. Kwa mtazamo wangu vitu vile havikuhitaji chochote. Niliacha kubadilisha maji kwa wiki tano, na ya kujazia kila asubuhi nikachota mferejini, nikayaacha usiku kucha klorini itoke. Nilijiona mwenye busara. Niliandika kwa kalamu ya bluu: *nimeokoa 1,700.*

Wiki ya pili kioo kilianza kuvaa ukungu wa kijani, nikawa naufuta kila siku badala ya mara moja kwa wiki. Wiki ya tatu kulitokea nywele fupi za kijani juu ya jiwe la kushoto. Wiki ya nne nywele zile zilifika kwenye matumbawe ya vifungo, yale madogo yanayokaa kama vifungo vya shati, yakafumba yote upande mmoja. Jumapili ya wiki ya tano niliketi mbele ya tangi na chai yangu, nikaona Xenia imesimama. Vidole vilikuwa wazi lakini havifumbi. Nilihesabu hadi mia moja. Kisha nikahesabu tena. Jumanne ilikuwa imelegea kama mboga iliyopitiliza jikoni, Alhamisi ikawa ute.

Gharama ya kurekebisha niliiandika kwa kalamu nyekundu, na sijaifuta. Mabadiliko matatu ya lita 30 kila moja, chumvi na maji, 2,610. Dawa ya kunasa fosfati, 2,400. Konokono wa kula mwani, 1,000. Matumbawe yaliyokufa, kwa bei niliyoyanunulia, 3,500. Jumla 9,510.

Nilimwonyesha mume wangu kurasa hizo mbili zikiwa zimetazamana. Alisoma, akanyamaza, kisha akauliza kama karo ya mwaka ujao tunaweza kuanza kuiweka mwezi wa Juni. Tunafanya hivyo tangu wakati ule. Na chumvi ya mwaka mzima ninainunua Desemba, chama chetu cha akiba kinapogawana, kabla pesa hizo hazijapata kazi nyingine. Januari inapofika mifuko iko ndani ya ndoo, imelipiwa, na haiwezi kugeuzwa kuwa sare.

Akiba ya 700 nayo ilizaliwa usiku mmoja wa Mei, mwaka wa pili. Mvua ya masika iliangusha mti kwenye nyaya, stima zikapotea saa moja jioni. Mwanzoni sikuwa na wasiwasi. Kufikia saa nne samaki wote wawili walikuwa juu kabisa, midomo ikigusa uso wa maji, mashavu yakifunguka upesi upesi. Maji ya chumvi hubeba oksijeni pungufu kwa karibu moja ya tano kuliko maji matamu yenye joto lilelile. Maji ya joto hubeba pungufu zaidi. Na Kisumu, kwenye mita 1,131 juu ya bahari, hewa yenyewe ni nyepesi kuliko ya Mombasa. Pampu zikisimama, hakuna kinachoichanganya hewa na maji.

Baba alikuwa amelala kwetu, amekuja kliniki. Alitoka chumbani na tochi ya simu, akaniona ninachota maji kwa kikombe na kuyamwaga kutoka juu ili yapige na kuvuta hewa. Hakuuliza kitu. Alivuta kiti cha plastiki, akakunja mkono wa shati, akasema, "Nipe. Wewe una kazi kesho." Tulipokezana hadi stima ziliporudi saa kumi na moja alfajiri. Samaki mmoja alipona.

Pampu ya hewa inayotumia betri, ambayo ingefanya kazi ile bila mtu kukesha, nilikuja kuinunua wiki hiyo kwa shilingi 1,800. Nilikuwa nimeiahirisha miezi mitatu. Kwa hiyo 700 haiguswi. Inakaa kwenye akiba ya M-Shwari, kwenye simu. Imeshanunua betri za ziada, hita ya pili baada ya ya kwanza kuungua, na mwaka jana ikanunua pampu ya mawimbi siku ileile ya zamani ilipokwama. Kifaa cha tangi hakikungoji mwisho wa mwezi.

Nikiulizwa wapi pa kubana, nasema: kioo, meza, taa ya mkono wa pili, na aina ya matumbawe. Mwaka wa kwanza kaa na matumbawe laini, kwa sababu mabadiliko ya maji ya kila wiki yanatosha kuyarudishia kile yanachokitumia. Yale magumu yenye mifupa hunywa kalsiamu kila siku, inabidi uiongeze kwa kipimo ili isishuke chini ya miligramu 400 kwa lita, na hapo unafungua ukurasa mwingine wa matumizi. Bana pia kwenye haraka. Tangi jipya linahitaji wiki nne hadi sita tupu, na kipande cha nyama ya kamba kinachooza ndani yake, mpaka bakteria wa kugeuza amonia wazaliane. Wiki hizo ni za bure, lakini wenye kuuza samaki hawapendi kuzitaja. Mmoja aliniuzia samaki tangi likiwa na siku tisa, akaniambia maji yakionekana safi ni tayari. Hawakumaliza wiki.

Na usinunue tumbawe ambalo muuzaji hawezi kukueleza limetoka wapi. Ndani ya hifadhi za bahari kama Kisite-Mpunguti na Malindi hairuhusiwi kung'oa matumbawe, na matumbawe magumu yanalindwa na mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe. Joto la mwaka 1998 liliua matumbawe mengi sana ya pwani yetu. Yangu yamekatwa kutoka kwa mtu anayeyakuza mwenyewe kwenye matangi yake Nairobi. Nami sasa nakata ya kwangu. Kipande cha vifungo vya kijani nilichokinunua kikiwa na vichwa sita kimenipa vipande vingine vitano, na vinne vilikwenda Nairobi kwa basi kama sehemu ya malipo ya ndoo ya chumvi ya mwaka huu. Niliandika 2,000 upande wa mapato. Ni mstari wa pekee upande huo, na niliuandika kwa mwandiko mzuri.

Maji machafu, lita 10 kila wiki, yanamwagwa chooni. Mwanzoni niliyamwaga nyuma ya nyumba, na sukuma wiki ya jirani ikaungua kingo. Nilimlipa na kumwomba radhi. Na kiumbe chochote cha tangi, hai au mfu, hakiendi ziwani.

Baba bado anakuja kliniki kila mwezi, na amepanga siku zake zisadifu Ijumaa ili Jumamosi awe hapa. Ananishikia mpira wa kunyonyea maji na ndoo. Lita 10 zikitoka, maji hushuka karibu sentimita nne, na ile sehemu ya juu ya jiwe la kushoto, yenye vifungo vya kijani, inatokeza nje ikimetameta, majimaji yakichuruzika pembeni. Vifungo vinafumba. Samaki anashuka chini, anangoja. Ni dakika kumi hivi, wakati mimi napima chumvi ya ndoo mpya na kungoja joto lilingane. Baba huinamisha uso karibu kabisa na kioo mpaka kinapata ukungu.

"Maji yamepwa," ananiambia.

Ndipo nafungua mfereji wa ndoo, na kwa pamoja tunayatazama yakijaa.